Baiskeli ya kwenda na kurudi siku moja



Leo tunazungumza na wewe unayetoka nyumbani alfajiri kwa baiskeli, au kinga kama wengi wanavyoiita, na unayetakiwa kulala kwako usiku huohuo. Huenda wewe ni mama unayetoka Uvira kupeleka ndagala Sange. Huenda ni reko, mhudumu wa afya wa kijiji, mwenye daftari na dawa za watoto. Au ulikimbia shamba lako katika bonde la Ruzizi, na sasa unakwenda kulitazama kabla ya kuamua kama familia nayo itarudi.

Kufika si kazi kubwa. Asubuhi kuna ubaridi, na miguu ina nguvu. Mambo huharibika saa za kurudi: maji yamekwisha, mpira umetoboka, jua linazama, na wewe uko peke yako barabarani. Kwa hiyo kila kitu unachofunga kwenye keria, jiulize kama kitakusaidia kurudi.

Tuanze na saa, maana saa ndiyo inayoamua mengine yote. Kutoka Uvira hadi Sange ni karibu kilomita 30. Baiskeli yenye mzigo, katika njia ya vumbi na mashimo, huenda kama kilomita 10 kwa saa moja. Ukitoka jua linapochomoza, saa 12 asubuhi, utafika saa 3. Watu wengi hudhani kurudi nako ni saa 3 tu. Sivyo. Umechoka, joto limepanda, tena mchana ardhi ikishapata moto upepo huvuma kutoka ziwani kuingia bondeni, na wewe unayerudi Uvira unakutana nao usoni. Hesabu saa 4 za kurudi, kisha ongeza saa 1 ya pancha. Jumla ni 5. Huku kwetu jua huzama karibu na saa 12 jioni mwaka mzima, kwa hiyo saa yako ya kugeuza baiskeli ni saa 7 mchana. Biashara ikiwa haijaisha saa 7, imekwisha. Ni vigumu kumwambia hivyo mteja aliyesema anakuja na pesa sasa hivi, tunajua.

Kazi ya kutayarisha hufanywa jioni ya kuamkia safari. Jaza upepo magurudumu yote mawili kabla ya kulala. Asubuhi ukikuta moja limelegea, kuna tundu dogo, na ni heri umelikuta uani kwako kuliko njiani. Inua gurudumu lizungushe: likiyumba au likigusa breki, mwite fundi usiku huo. Kaza nati za magurudumu na za keria. Bana breki kwa nguvu huku ukiisukuma baiskeli mbele. Ikiendelea kutembea, raba za breki zimeisha. Tia mnyororo mafuta kidogo, kisha ufute yanayozidi kwa kitambaa, la sivyo yatakusanya vumbi lote la njiani.

Sasa maji. Mtu anayekanyaga pedeli juani anahitaji angalau nusu lita kila saa, na bondeni mchana mara nyingi zaidi. Kwa saa 7 za barabarani ni lita 3 na nusu. Ni mzigo wa kilo 3 na nusu, na wengi huamua kuyaacha maji na kuongeza bidhaa. Kisha saa 8 mchana kiu inawashinda, wanainama kwenye mfereji wa mpunga wakanywa. Uvira na bonde lake ni eneo ambalo kipindupindu hakijawahi kutuacha kwa muda mrefu. Anayekunywa maji yenye vijidudu hivyo anaweza kuanza kuharisha baada ya saa chache, au baada ya siku kadhaa, hata 5. Chemsha maji jioni yatokote kabisa, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, uyatie katika chupa safi zenye vifuniko. Kama unachota penye kituo cha klorini, yatiwe dawa hapohapo kisha usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, usingoje kiu.

Na kuna kifurushi kimoja kidogo ambacho tungependa kila msafiri awe nacho. Chukua mfuko mkavu, weka sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Funga vizuri. Ukimkuta mtu anaharisha njiani, au ikikupata wewe, korogea katika lita 1 ya maji salama, anywe huku mnakwenda kituo cha afya. Chumvi isizidi kipimo hicho, kwa sababu ikizidi inamdhuru, hasa mtoto.

Chakula hakina maneno mengi: viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga. Sombe na samaki viache nyumbani. Ndani ya mfuko penye joto vitaharibika kabla hujavila.

Vifaa vya pancha vikae juu, mahali mkono unapofika bila kufungua mzigo: pampu, viraka, gundi, kipande cha msasa, spana, na vijiko viwili vya chuma vya kutolea tairi. Ongeza kipande cha tairi kuukuu, urefu wa kiganja. Tairi likichanika, unakiweka ndani kufunika mpasuko, mpira wa ndani usitokeze. Gundi ikikaukia ndani ya kichupa, jambo ambalo hutokea sana, kunja mpira penye tundu, ufunge fundo la kamba kwa nguvu, ujaze upepo. Hata hilo likishindikana, jaza tairi majani yaliyoshindiliwa sana, usogee polepole. Utafika fundi ukiwa umechoka, lakini rimu itakuwa nzima.

Katika kufunga mzigo, kizito kiwe chini na karibu na kiti. Kikikaa nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na usukani haukutii tena penye mteremko. Pande mbili zilingane. Funga kwa vipande vya mpira wa ndani wa zamani, vinavutika na kubana kuliko kamba, na ncha zake zichomeke ndani zisije zikanaswa na njiti za gurudumu. Mama, kikwembe chako nacho kifunge juu ya goti, mbali na mnyororo. Na kama unabeba mtoto nyuma kumpeleka hospitali, funika pande za gurudumu kwa ubao au gunia gumu. Mguu wa mtoto ukiingia kwenye njiti unavunjika kwa mzunguko mmoja.

Beba kadi ya mpiga kura au kitambulisho kingine, katika mfuko wa plastiki, mbali na pesa. Pesa nazo zigawe: noti ndogo za fundi na za njiani zikae peke yake. Usivae wala usifunge mzigoni nguo yoyote yenye madoa ya kijeshi, hata kofia ya mtoto. Andika namba za simu kwenye karatasi, kwa sababu simu yako inaweza kuzimika.

Kabla ya kutoka, zungumza na aliyetoka huko jana au alfajiri: njia ikoje, vizuizi viko wapi, mito imejaa? Usitazame mbingu ya bondeni peke yake. Mito yetu hushuka kutoka milimani, na mvua ya juu huleta maji huku chini penye jua kali. Uvira haijasahau Mulongwe wa Aprili 2020. Maji yanayokimbia yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, na baiskeli yenye mzigo huyapa pa kukusukumia. Ngoja yapungue, au rudi.

Usishike nyuma ya lori, hata kama umewaona wenzetu wa Burundi wakifanya hivyo kwenye mlima wa Bugarama. Na ukikuta lori la mafuta limepinduka, geuza baiskeli uende mbali. Tarehe 2 Julai 2010, hapo Sange, lori la mafuta lilipinduka, likalipuka, na watu zaidi ya 230 wakafa.

Mwisho, mwambie mtu wa nyumbani unapita njia gani, unakwenda kwa nani, na utageuza saa ngapi. Giza likikukuta katikati, usijaribu kumalizia. Ingia kijiji cha karibu, nenda kwa mkuu wa kijiji au kanisani au msikitini, ujitambulishe na uombe mahali pa kulala. Ndiyo maana mzigoni kuna kikwembe kimoja cha ziada: mchana kinakupa kivuli, usiku unajifunika. Piga simu nyumbani kwanza, ili wasimtume kijana gizani kukutafuta, halafu ndipo ulale.