Forodha Ilipoitangulia Maabara

Januari 1998, timu ya kuogelea ya China ilitua Sydney ikielekea mashindano ya dunia mjini Perth. Maafisa wa forodha walipopekua mizigo ya Yuan Yuan, walikuta vichupa 13 vya homoni ya ukuaji ndani ya themosi. Mwogeleaji huyo alifungiwa miaka minne, kocha wake 15. Tarehe 8 Julai mwaka huohuo, forodha ya Ufaransa ilisimamisha gari la timu ya baiskeli ya Festina huko Neuville-en-Ferrain, mpakani na Ubelgiji. Dereva wake, Willy Voet, mkandaji wa timu, alikuwa amechepukia njia ndogo. Ndani ya gari mlikuwa na dozi zaidi ya 200 za EPO, pamoja na homoni ya ukuaji na testosteroni. Siku tatu baadaye Tour de France ilianza.

Maabara za wakati ule zisingeweza kugundua EPO wala homoni ya ukuaji. EPO hutengenezwa na figo zetu wenyewe ili kuongeza chembe nyekundu za damu, na ile ya sindano ikishaingia mwilini hufanana mno na ya asili. Kipimo chake kilianza kutumika Olimpiki ya Sydney, 2000. Cha homoni ya ukuaji kikasubiri Athens, 2004. Lakini kichupa kikiwa bado mkobani hakihitaji mkojo wa mtu. Kashfa ya Festina ndiyo iliyochochea kuundwa kwa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, mwaka 1999, na kanuni zake zinamtia hatiani mwanamichezo kwa kukutwa na dawa au kuisafirisha, hata vipimo vyake vikiwa safi.

Ugumu wa afisa wa mpakani ni kwamba mzigo huu si bangi wala heroini. EPO ni dawa halali ya wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Basi anachouliza ni: ya nani, kiasi gani, kibali kiko wapi? Hapo hutegemea sheria za nchi yake. Australia hairuhusu homoni ya ukuaji kuingia bila kibali, ndiyo maana mwaka 2007 mwigizaji Sylvester Stallone alikiri kosa mahakamani baada ya kukutwa na vichupa 48 uwanja wa ndege wa Sydney. Huyo hakuwa na shindano lolote la kupimwa. Pasipo sharti kama hilo, afisa ataviona vichupa, kisha atamrudishia abiria begi lake.

Tena EPO huhitaji ubaridi, na kiboksi cha barafu huzua maswali. Steroidi haina shida hiyo: husafiri kama unga mkavu, kwa posta. Operesheni iliyofanywa Marekani mwaka 2007 ilivamia maabara 56 za vificho, na sehemu kubwa ya unga wa maabara hizo ilitoka China. Kwa unga huo, kazi ya forodha ni kupekua bahasha, si mabegi.