Reli ya Pingili: Kinachostahili Kusanifishwa ni Kiungo

Wako watu wazima, wenye vyeo na mvi zao, ambao mwishoni mwa juma hupakia garini kipande cha reli kisichozidi urefu wa meza, wakasafiri nacho mamia ya kilomita, wakakiunganisha na vipande vya watu ambao hawajapata kuwaona, kisha garimoshi dogo likapita juu ya vyote bila ya kukwama. Hivyo ndivyo wafanyavyo wanachama wa FREMO, chama kilichoasisiwa Ujerumani mwaka wa 1981, na ndivyo wafanyavyo wenzao wa NTRAK, mpango ulioanzia California katika miaka ya 1970. Anayewatazama kijuujuu atasema wanacheza. Nami sikatai kwamba wanacheza. Ninalodai ni kwamba ndani ya mchezo huo mna swali ambalo shule zetu hulijibu visivyo kila muhula: watu wengi wanaotaka kutenda jambo moja hawana budi kukubaliana juu ya kitu gani, na ni kitu gani kiachwe mikononi mwa kila mmoja wao?

Kwanza tukipe kitu hiki jina. Wajenzi wa ughaibuni hukiita kipande hicho moduli, na si aibu kulikopa neno hilo. Hata hivyo, Kiswahili kinalo neno lake ambalo limelala tu: pingili. Pingili ni ile sehemu ya muwa au mwanzi iliyo baina ya kifundo na kifundo. Muwa hukua kwa pingili, na reli hii nayo hukua kwa pingili. Lugha yetu imezoea kazi ya namna hii. Vile vipande vinavyolaliwa na reli tunaviita mataruma, na neno hilohilo waunda vyombo wa pwani hulitumia kwa miti inayokitia chombo nguvu. Hakuna kamati iliyokaa kulitafuta. Fundi aliona ubao unaofanya kazi ileile, akauita kwa jina alilolijua.

Sasa tuitazame pingili yenyewe. Kanuni zake zote, au karibu zote, zinahusu miisho yake miwili. Katika NTRAK, pingili ya kawaida ina urefu wa futi 4 na kina cha futi 2. Hupitiwa na njia tatu za reli, na njia ya kwanza sharti iwe inchi 4 kutoka ukingo wa mbele pale mwishoni. Zaidi ya hayo, na zaidi ya nyaya za umeme kufuata utaratibu mmoja, mjenzi ana uhuru. Akitaka mlima, na aweke mlima. Akitaka bandari, kijiji, jangwa au kiwanda cha saruji, ni shauri lake. Hakuna mwenye haki ya kumwambia kuwa mlima wake si mlima, maadamu reli zake mwishoni ziko pale zilipotarajiwa.

Anayedhani kwamba hilo la miisho ni dogo, na aende Kidatu nchini Tanzania. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 baina ya chuma na chuma. Reli ya zamani ya Kati ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja. Kwa ajili ya milimita hizo, shehena inayotoka reli moja kwenda nyingine haina budi kuhamishwa pale Kidatu zinapokutana, kwa kuwa behewa la huku haliwezi kupita kule. Kwetu Kenya, njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899 na ufuo wa Ziwa Viktoria 1901, ina upana wa mita moja. Ile iliyofunguliwa kwa abiria mwaka wa 2017 ina milimita 1,435. Zote mbili ni reli njema. Kinachokosekana ni kiungo.

Wajapani wametuachia mfano mzuri zaidi, na ni wa reli ndogo hasa. Njia nyingi za Japani zina upana wa milimita 1,067, ilhali magarimoshi ya kasi ya Shinkansen hupita juu ya milimita 1,435. Katika mifano midogo ya kipimo kinachoitwa N, reli duniani kote huwa na upana wa milimita 9. Ukizidisha 9 kwa 160 utapata 1,440, yaani karibu sawasawa na upana wa Shinkansen, na wa reli yetu mpya pia. Je, zile njia nyembamba? Hizo zilistahili reli ya milimita 7 hivi. Lakini Wajapani waliamua zipite juu ya milimita 9 zilezile, wakayapunguza magarimoshi yao kwa uwiano wa 1 kwa 150. Reli ikawa pana kupita ukweli, na kila mpenzi wa mambo haya anajua hivyo. Wamekubali kupoteza usahihi kidogo ili kila kitu kiweze kuungana na kila kitu. Ningependa wanafunzi wa hisabati wapewe hesabu hiyo waifanye wenyewe kwa reli yetu ya mita moja, kisha wajadili kama Wajapani walifanya vyema.

Ni Japani pia ulikobuniwa mpango ninaouona kuwa unazifaa shule zetu, uitwao T-TRAK. Pingili zake ni visanduku vidogo vinavyowekwa juu ya meza za kawaida, kwa hivyo hapahitajiki miguu wala chumba maalum. Sanduku la pingili moja lina urefu wa milimita 308. Reli iliyo juu yake ina milimita 310. Tafadhali usiipite tofauti hiyo upesi. Reli hutokeza milimita moja kila upande, kwa makusudi, ili pingili mbili zinaposukumwa pamoja reli zikutane kabla ya mbao kukutana. Kama mbao zingetangulia kugusana, reli zingebakisha mwanya na garimoshi lingekwama hapo. Anayesomea sarufi ataielewa akili hiyo mara moja. Kishazi hakiungani na kishazi kwa kugusanisha maana zake zote. Huungana kwa kiambishi kilichotokeza mbele. Na pale viambishi visipoafikiana, lugha hupiga tupa: wa- na -ingi vikawa wengi, ma- na -ino vikawa meno. Mabadiliko hutokea kifundoni, pingili ikabaki na umbo lake.

Kazi ya sanduku si ngumu kwa mwanafunzi aliyekwisha kushika msumeno. Plaiwudi nyembamba hukatwa, ikapimwa kwa guni ili kila pembe iwe ya nyuzi 90 kweli, ikagandishwa na kupigwa msasa. Chini huwekwa skurubu nne za kuinulia, maana meza za shule zetu, sote twazijua, hazina miguu inayolingana. Pima maji ndiyo iamue, si jicho. Reli za namna hii huuzwa zikiwa na vishikizo vyake, na kwa kweli hazipatikani kila duka. Huagizwa, nazo zina bei. Hata hivyo kila pingili huhitaji reli chache tu, na kichwa kimoja cha treni na kidhibiti kimoja cha umeme wa volti 12 huwatosha watu wote waliokutana. Hakuna haja ya kila shule kununua garimoshi lake. Reli zikichafuka, kifutio cha penseli huzisafisha.

Gharama kubwa ambayo watu huiogopa ni ya mandhari, nayo ndiyo isiyokuwapo. Vilima hutengenezwa kwa lile povu gumu jeupe linalofungiwa runinga ndani ya boksi. Likatwe kwa kisu kikali, lisichomwe, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Wala lisipakwe gundi ya mpira, kwa sababu gundi hiyo hulila likatoboka. Juu yake hulazwa vipande vya gazeti vilivyochovywa katika uji mzito wa unga wa ngano, tabaka baada ya tabaka, kisha hupakwa plasta. Udongo bora ni udongo. Chekecha ule wa mahali unapopaonyesha kwa chekecheo la chai: wa Voi ni mwekundu, nao hakuna rangi ya dukani itakayoupata kwa usahihi. Nyasi za nyika ni nyuzi za katani zilizokatwa fupifupi, na nyasi za Limuru ni vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani na kuanikwa.

Kokoto za reli ndizo zinazowashinda wengi. Mchanga uliochekechwa hunyunyizwa baina ya mataruma, ukasawazishwa kwa brashi laini hadi usibaki hata chembe moja juu ya chuma. Kisha hurushiwa maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni hiyo si ya kusafishia. Inayafanya maji yapenye badala ya kujikusanya matone matone yakausukuma mchanga. Mwisho hudondoshewa gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikaachwa usiku kucha. Asiyekuwa na subira ya usiku mmoja ataiona kazi yake yote ikimwagika asubuhi.

Ndipo yanapokuja mambo ya kuamua, ambayo kwangu ndiyo elimu yenyewe. Kwa uwiano wa 1 kwa 160, njia ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi, inayozidi kilomita 500, ingehitaji zaidi ya kilomita 3 za reli ndogo. Pingili moja huwakilisha mita 50 tu. Darasa la Mazeras litachagua mita 50 zipi? Mnazi wa mita 20 utakuwa na urefu wa sentimita 12 na nusu, na mtu mzima atakuwa kama punje ya mchele mrefu iliyosimamishwa wima. Wa Tsavo, bila shaka, watataka simba wa mwaka wa 1898. Na wawaweke, ila wajue kwamba simba wale wawili, ambao sasa wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, walikuwa madume wasio na manyoya ya shingoni, na kwamba katika kipimo hiki kila mmoja ataenea juu ya ukucha wa kidole gumba. Wa Makindu wana hekalu la Masingasinga, na ndani yake habari ndefu ya vibarua waliotoka Bara Hindi. Wa Muhoroni wana miwa. Kila darasa lazima liulize wazee, lipime, lichague, na liache mengi. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 unataka mambo haya haya. Lakini miradi ninayoiona mingi hufanywa na mzazi usiku, mtoto akaibeba asubuhi, ikatiwa alama na kutupwa. Pingili ya reli haitupwi, kwa sababu shule ya jirani inaingoja.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu wenzangu wa Kiswahili. Mwaka wa 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamati ya kukisimamia ikaundwa mwaka wa 1930. Wapo wanaolaani uamuzi huo hadi leo. Mimi naona kwamba kiungo kilihitajika: tahajia moja na upatanisho mmoja wa kisarufi, ili kitabu kichapwacho Nairobi kisomeke Songea. Ila kalamu yetu nyekundu haikukomea kwenye kiungo. Mtoto wa Mombasa aandikapo sima, huandikiwa ugali juu yake. Yule wa Kilifi aandikapo kitale na koroma, akitofautisha hatua za nazi kama mama yake alivyomfunza, mwalimu asiyeyajua maneno hayo huyazungushia duara. Tahajia ya mtoto ni sahihi, upatanisho wake ni sahihi, reli zake mwishoni ziko mahali pake. Tunachomng'olea ni minazi yake.

Basi mpango ninaoupendekeza ni mwepesi. Shule sita au saba zilizo kando ya njia moja, tuseme kutoka Mazeras hadi Voi, zichukue pingili mbili mbili, na shule itakayokuwa mwenyeji ijenge zile nne za pembeni zinazoigeuza reli ili ijirudie. Maelezo ya ujenzi yaandikwe na wanafunzi kwa Kiswahili, na kila kifaa kiitwe kwa jina analoliita fundi wa mahali hapo. Kabla ya muhula kuanza, mwalimu mmoja akate kiolezo kimoja cha plaiwudi kinachoonyesha mwisho wa pingili: urefu wa sanduku kutoka mezani, mahali reli mbili zinapopita, na umbali wake kutoka ukingo wa mbele. Kiolezo hicho kizunguke shule kwa shule, na asiwepo wa kunakili kutoka nakala ya mwenziwe, kwa kuwa nakala ya nakala huongeza nusu milimita kila hatua, na zikifika shule saba ni milimita tatu na nusu. Kuhusu kitakachojengwa katikati, mwalimu huyo asiseme neno.