Dagaa wana daftari, vijana wetu hawana

Ndugu msikilizaji, wiki hii napenda tuzungumze juu ya usajili. Sina maana ya usajili wa Simba na Yanga, ambao magazeti hayachoki kuuandika kila msimu unapokwisha. Nazungumzia usajili wa vijana ambao hakuna gazeti lililowahi kuandika majina yao hata mara moja.

Nilikuwa Murangi, kando ya Ziwa Viktoria, huko Musoma Vijijini. Zilikuwa siku za mbalamwezi. Wenzetu wa mijini huenda hawajui kwamba dagaa huvuliwa gizani. Mvuvi huwasha karabai, au siku hizi taa ya umeme wa jua, na dagaa huufuata mwanga huo. Mwezi ukipevuka, ziwa zima huwa na mwanga na taa ya mvuvi haina tena cha kumshawishi dagaa. Basi mitumbwi hupandishwa mwaloni, nyavu hushonwa, na vijana waliokuwa wakikesha majini na kulala mchana huonekana tena uwanjani.

Jioni ile nilitazama mpira mpaka filimbi ya mwisho. Baadaye nikaketi chini ya mti na wazee, vijana na mwalimu mmoja wa sekondari, ambao wote walikuwa mashabiki wa Biashara United, timu ya mkoa wao. Lilizuka swali: kama Biashara wangefika hapa leo wakiwa na nafasi moja tu, wamchukue kijana gani?

Mvuvi mmoja alisema achukuliwe winga wa kushoto, kijana wa dagaa, ambaye mabega yake yamekomaa kwa kuvuta nyavu. "Mzee, huyu akipata viatu vya maana, hakuna beki wa Ligi Kuu wa kumkamata," akamwambia aliyeketi jirani yake.

Mzee akatikisa kichwa. "Mbio hata swala anazo, mwanangu. Timu hujengwa kuanzia golini. Achukuliwe yule golikipa wa kidato cha tatu."

Mwalimu alikuwa na mtu wake, kiungo mfupi anayecheza namba sita. Alisema kijana huyo hatazami mpira ulipo, hutazama unakokwenda. Hapo mabishano yakapamba moto. Mmoja alikumbusha bao la mwaka jana, mwingine penalti iliyookolewa, na wa tatu akadai kwamba huyo mfupi hana pumzi za dakika tisini.

Mimi nikauliza swali dogo tu: hawa vijana watatu wamezaliwa lini?

Nilijibiwa kwamba winga ana miaka kumi na saba. Mwingine akasema ishirini. Wa tatu akasema, "Huyo alimaliza darasa la saba pamoja na mdogo wangu, na mdogo wangu ana watoto wawili." Kuhusu golikipa, mtu mmoja aliniuliza kwa upole, "Unataka umri wa nyumbani au umri wa mpira?" Tukacheka sote, na mimi nikiwamo.

Lakini hatua chache kutoka pale, kwenye mwalo, nilimwona karani na daftari lake. Ndani yake mliandikwa mtumbwi ulioingia, siku ulipoingia, idadi ya ndoo za dagaa, nani kachukua na nani anadaiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale Murangi ndoo moja ya dagaa ina daftari, ila kijana ambaye kijiji kizima kinamwona kuwa ni mali hana hata mstari mmoja.

Ndugu msikilizaji, hili si jambo la kuchekea. Hebu tuanze na timu yenyewe. Biashara United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Msimu wa 2020/21 ilimaliza katika nafasi ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 mjini Dar es Salaam. Kisha timu haikusafiri kwenda Libya kwa mchezo wa marudiano, ikaondolewa mashindanoni. Msimu huohuo ulipokwisha, mwaka 2022, ilishuka daraja. Kuanzia kufunga Waarabu hadi kushuka ilikuwa ni miezi tu.

Funzo lililopo ni kwamba timu ya mkoani haiwezi kushindana na matajiri kwa fedha. Mchezaji akishang'ara mbele ya kamera, bei yake imekwisha panda na wenye uwezo wamekwisha piga simu. Silaha ya timu ndogo ni moja: kumjua kijana kabla wengine hawajamjua. Na kumjua ni zaidi ya kulikumbuka bao lake la mwaka jana.

Wako wenzetu waliolitengenezea jambo hili utaratibu. Kule Australia kuna mpira wao wa asili, unaochezwa na watu kumi na wanane kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai. Tangu mwaka 1986 klabu za ligi yao kuu haziwagombanii vijana wapya kwa fedha. Kila mwaka hukaa na kuchagua kwa zamu, na kwa kawaida timu iliyoshika mkia ndiyo huchagua kwanza, bingwa akisubiri nyuma. Kijana sharti awe ametimiza miaka kumi na minane kabla mwaka haujaisha. Siku ya kuchagua inapofika, mashabiki wamekwisha bishana kwa miezi, sawasawa na wale wa Murangi. Tofauti ni kwamba wao hubishana wakiwa na tarehe ya kuzaliwa, urefu, kasi ya mita ishirini, muda wa kukimbia kilomita mbili, na jina la timu iliyomlea kijana. Shabiki anaweza kukosea katika kupima, lakini anacho cha kupima.

Kwa utaratibu huo, mwaka 2013 timu ya Sydney ilimchukua kijana aitwaye Aliir Aliir, aliyekuwa chaguo la 44. Huyu alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapo kwa jirani zetu Kenya. Vijana arobaini na watatu waliitwa kabla yake. Mwaka 2021, akiwa katika timu ya Port Adelaide, aliingia kwenye kikosi cha wachezaji bora wa nchi nzima. Yaani hata wenye vipimo hukosea, na wa nyuma huja mbele. Lakini kijana huyo asingeitwa kabisa kama jina lake lisingekuwa limeandikwa mahali.

Sisi hatuna utaratibu wa kumpa aliyeshika mkia zamu ya kwanza. Kwetu mwenye fedha ndiye huchagua kwanza, wa pili na wa tatu. Ndiyo maana nasema kwamba daftari ni la lazima zaidi kwetu kuliko kwao.

Sasa turudi kwenye ule mzaha wa umri wa nyumbani na umri wa mpira. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana, Serengeti Boys, ilikuwa imefuzu kwenda Gambia kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kikosi kizima cha vijana kilibaki nyumbani kwa sababu ya tarehe moja. Na tangu fainali za dunia za vijana za mwaka 2009 kule Nigeria, FIFA hutumia mashine ya kupiga picha ya kifundo cha mkono ili kupima ukomavu wa mifupa. Anayemdanganyia kijana umri leo anamwekea shimo mbele, na siku atakapotumbukia, aliyelichimba hatakuwapo.

Liko pia suala la fedha, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Katika kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu iliyomlea hupata robo ya asilimia moja ya bei. Kwa kila mwaka kuanzia 16 hadi 23, hupata nusu ya asilimia moja.

Tupige hesabu. Tuseme kijana amelelewa na timu yake ya nyumbani tangu miaka 12 hadi 17, halafu siku moja anauzwa nje kwa shilingi bilioni moja. Miaka minne ya mwanzo inaleta shilingi milioni 10. Miwili inayofuata inaleta nyingine milioni 10. Jumla ni milioni 20, na akiuzwa mara ya pili kutoka nchi moja kwenda nyingine hesabu inapigwa upya. Mbwana Samatta alianzia Mbagala, akaenda Simba, mwaka 2011 TP Mazembe ya Kongo, mwaka 2016 Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 Aston Villa ya Uingereza. Fikirini mpaka ngapi zilivukwa hapo.

Lakini fedha hizo hazimfuati mtu anayesema, "Huyu tulimlea sisi, muulizeni hata mwenyekiti wa kijiji." Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, ambacho hugawa kwa kufuata kumbukumbu za usajili. Klabu lazima iwe mwanachama wa shirikisho la nchi yake kupitia vyama vya chini, na kijana awe amesajiliwa kwa jina la klabu hiyo, mwaka kwa mwaka. Timu ya mwaloni isiyosajiliwa haimo katika hesabu, hata ingemlea kijana huyo tangu anajifunza kutembea.

Hayo ni ya klabu. La kijana mwenyewe ni zito zaidi. Jioni ileile mama mmoja aliyekuwa akianua dagaa alitusikia tukibishana, akaja akasimama karibu nasi. Alisema mwanawe alikuwa winga pia. Alikuja bwana mmoja, akasema anampeleka Dar es Salaam kwa majaribio, akatoa nauli, na kijana akaacha shule akiwa kidato cha pili. "Mimi niliuliza anakwenda timu gani," akasema. "Nikaambiwa, mama, timu kubwa." Baada ya miezi minane kijana alirudi na goti bovu, bila karatasi yoyote na bila nafasi yake darasani. Siku hizi yumo mtumbwini. Hapo hakucheka mtu.

Kwa hiyo niliwaomba wale ndugu zangu wa Murangi kitu kimoja, na naomba hilohilo popote ninaposikika. Nunueni daftari. Kila kijana apewe ukurasa wake. Juu liandikwe jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti cha RITA, na kama cheti hakuna, kadi ya kliniki itafutwe na cheti kishughulikiwe sasa, si siku ya safari. Chini yake iandikwe timu aliyosajiliwa na tangu lini. Kisha mechi: amecheza dakika ngapi, nafasi gani, amefanya nini, ameumia wapi. Mwalimu aandike na maendeleo ya shule, maana golikipa wa kidato cha tatu ana mtihani wa kidato cha nne mbele yake, na kuna mashindano ya UMISSETA yanayoweza kumwonyesha bila kumtoa darasani.

Akija mtu kumtaka kijana, yaandikwe jina lake, anatoka klabu gani, na barua yake iko wapi. Mzazi aweke sahihi akiwa na nakala mkononi. Na anayeahidi kumpeleka mtoto wa miaka kumi na sita kuchezea klabu ya Ulaya, aulizwe maswali mawili zaidi, kwa sababu FIFA inakataza uhamisho wa nje kwa walio chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu.

Nao viongozi wa timu za mjini nawapa neno moja. Mkienda kutafuta vijana kando ya ziwa, tazameni mwezi kwanza. Mkifika siku za giza mtaona uwanja wenye nusu ya wachezaji, mtarudi mjini mkisema huko hakuna vipaji. Vipaji vilikuwapo, vilikuwa vimelala baada ya kukesha majini.

Naona mnataka kujua ni nani aliyeshinda ule ubishi. Mimi sikuwa na kura. Lakini nilipoaga, mwalimu alikuwa ametoa kalamu mfukoni, amegeuza karatasi ya mtihani wa zamani, na anamuuliza yule mvuvi aliyemtetea winga, "Haya, tuanze na wako. Mama yake anaishi wapi, tukamuulize kazaliwa lini?"

Hadi wiki ijayo, ndugu msikilizaji, nakutakia kila la heri.