Je, Wajua? Fito Tatu, Kamba na Jiwe

Je, wajua kwamba barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina kilomita 33 tu, lakini inakupandisha karibu mita 1,000? Ukiwa ndani ya basi huuoni mji unakoelekea. Unaiona kona iliyo mbele, halafu nyingine, unapita Soni na maporomoko yake, kisha baridi inakupokea. Leo safu hii inazungumzia malengo ya mtu binafsi, na sina haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Milima ya Usambara inatosha.

Je, wajua kuwa Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi, hakuja Usambara kutafuta ufalme? Masimulizi yanasema alizaliwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza. Ndugu zake kule Nguu wakamnyima urithi, naye akashika mikuki na mbwa wake akaondoka. Alichokijua ni kuwinda nguruwe mwitu, basi akawinda. Nyama akawagawia watu, akawaua wanyama waliokuwa wakila mashamba yao, akaua na simba. Ufalme wa Usambara, wenye makao yake Vugha, ulimkuta kazini.

Je, wajua kwamba habari hizo tunazo kwa sababu mtu mmoja alikaa akaziandika? Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, aliyeishi na kufanya kazi miongoni mwa Wakilindi, aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi. Kitabu hicho hakikutoka kwa mkupuo. Kilichapishwa sehemu baada ya sehemu katika misheni ya Magila, Muheza. Wewe unayesema utaandika historia ya ukoo wenu "siku moja", anza na babu mmoja.

Je, wajua kuwa mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri, mfalme wa Usambara, mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852? Lengo lake lilikuwa kubwa mno: vituo vya misheni vilivyofuatana kutoka pwani hii ya mashariki hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Hakuliona likitimia. Kituo cha Mlalo kilianzishwa na wengine mwaka 1891, miaka 10 baada ya yeye kufariki. Lakini kazi aliyoifanya siku hadi siku, ya kukusanya maneno ya Kiswahili, ilizaa kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, na wanafunzi wa lugha wanaitumia mpaka leo.

Je, wajua kwamba lengo zuri likilazimishwa hugeuka adhabu? Hapa nataka tukae kidogo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo huko Mlalo, kisha ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Kila kaya iliamriwa kuchimba matuta shambani, na asiyechimba aliadhibiwa. Mzigo mkubwa uliwaangukia akina mama, ambao tayari walikuwa na jembe, kuni na watoto. Udongo ulikuwa unakwenda na maji kweli, hilo hakuna aliyebisha. Lakini Washambaa wana msemo wao wa kuiponya nchi, kuzifya shi, na hawakuiona amri ile kuwa uponyaji. Waligoma, wakaandamana, wakajiunga na TANU, na mpango ukafa kabla ya Uhuru.

Mwaka 1981 ukaja mradi mwingine Lushoto, SECAP, wenye shabaha ileile ya kuzuia mmomonyoko. Safari hii mkulima alipanda majani ya guatemala kufuata kontua, yaani mstari wa kimo kimoja mteremkoni, akayakata kumlisha ng'ombe wa maziwa zizini, na samadi ikarudi shambani. Faida aliiona kwa macho yake. Wengi waliyapanda majani hayo, na bado unayaona miteremkoni.

Na je, wajua kontua hupimwaje bila mtaalamu? Kwa fito tatu. Mbili ndefu zinafungwa pamoja juu na kutanuliwa chini, fupi inakingamishwa katikati, kama herufi A. Kamba yenye jiwe inaning'inizwa kutoka juu. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati ya ufito uliokingama, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Unapiga kigingi, unageuza mguu mmoja, unasubiri jiwe litulie tena, unapiga kingine. Mlima mzima unapimwa hivyo.

Wataalamu wa saikolojia wamekuta kuwa lengo nalo linahitaji kigingi chake. Peter Gollwitzer wa Ujerumani alionyesha kuwa mtu anayeamua mapema saa, mahali na kitendo chenyewe hutimiza lengo lake zaidi kuliko anayesema tu "nimekusudia".

Je, wajua kwamba siku 21 za kujenga mazoea ni uvumi? Utafiti wa University College London wa mwaka 2010, uliohusisha watu 96, ulipata wastani wa siku 66. Muda ulianzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kwa hiyo ukiwa siku ya arubaini bado unajikokota kuamka alfajiri, usijihukumu.

Je, wajua kuwa ile hadithi ya wahitimu wa Yale wa mwaka 1953, asilimia 3 walioandika malengo yao wakaja kuwa matajiri kuliko wenzao wote, haina utafiti wowote nyuma yake? Yale wenyewe waliutafuta, hawakuupata. Andika malengo yako, ndiyo, lakini hakuna aliyeahidiwa utajiri kwa kalamu.

Je, wajua kwamba lengo laweza kuwa kutofanya? Msitu wa Mazumbai, hukohuko Usambara, ulikuwa mali ya familia moja yenye shamba huko. Hawakuukata. Leo ni msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine.

Ndugu msomaji, lile jambo unalolisogeza kila Januari, lipe siku, saa na mahali pa kuanzia. Na kama shamba lako liko mteremkoni, kata fito tatu Jumamosi hii, tafuta kamba na jiwe, upige kigingi cha kwanza kabla mvua hazijaanza.