Mmea unaokula wadudu: dawa ya kale ya ndui na chupa za WhatsApp

LONDON – Ukimwangalia bibi au babu mkononi, karibu na bega, huenda ukaona kovu la chanjo ya ndui. Watoto wetu hawana kovu hilo kwa sababu ugonjwa wenyewe haupo tena duniani. Lakini kabla haujaondoka, watu walijaribu kila kitu, na kimojawapo kilikuwa mmea unaokula wadudu.

Mimi naishi London, na jamaa zangu wengi wako Maskati. Hivi karibuni lilinifikia kwenye WhatsApp tangazo la matone ya mmea huo, eti yanatibu tetekuwanga, mkanda wa jeshi na mpox. Shangazi naye akanipigia: "Mwanangu, wewe uko huko kwa madaktari. Nimnunulie mjukuu au nisimnunulie?" Suala hilo lilistahili jibu la maana, basi nikaanza kutafuta.

Mmea wenyewe unaitwa Sarracenia purpurea. Jamaa zake unaweza kuwaona hapa London katika bustani ya Kew, ndani ya jumba la vioo liitwalo Princess of Wales Conservatory. Majani yake hayakulala kama majani mengine, yamejikunja yakawa mfano wa mitungi midogo yenye mishipa myekundu. Kwao ni mashariki ya Marekani ya Kaskazini, hasa Kanada, kwenye ardhi ya majimaji isiyo na rutuba. Udongo ukiwa hauna naitrojeni ya kutosha, mmea unaitafuta kwa wadudu.

Mtego wake ni wa kijanja. Mdomo wa mtungi una utamu unaomvuta nzi au siafu. Akitua anateleza, na ndani anakuta vinyweleo vilivyoelekea chini, kwa hiyo kushuka ni rahisi na kupanda ni shida. Chini kuna maji ya mvua, anazama. Bakteria na viumbe vidogo wanamvunjavunja, na mmea unanyonya chakula. La ajabu, kuna mbu mmoja ambaye viluwiluwi vyake vinaishi humo humo salama salimini!

Bahari yetu ya Hindi pia ina mimea ya mitungi, ila ni ya ukoo mwingine uitwao Nepenthes. Ipo Madagaska, na Shelisheli imeota kwenye milima ya kisiwa cha Mahé.

Sasa tuje kwenye dawa. Wenyeji wa Nova Scotia, watu wa kabila la Mi'kmaq, walikuwa wakichemsha mizizi ya mmea huu na kuwanywesha wagonjwa wa ndui. Mwaka 1861 daktari wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Halifax, Herbert Chalmers Miles, aliipeleka habari hiyo kwa chama cha madaktari wa magonjwa ya mlipuko hapa London. Watu walisisimka, maana ndui ilikuwa inaua na kupofusha. Lakini madaktari wa Hospitali ya Ndui ya London walipoijaribu, walisema hawakuona faida. Dawa ikasahaulika.

Mwaka 2012 mtafiti Jeffrey Langland wa Arizona State University na wenzake waliifufua hadithi hiyo. Walitia maji ya mmea kwenye chembe hai zilizoambukizwa virusi vya jamii ya ndui, vikiwemo vya mpox, na virusi vikashindwa kuzaana vizuri. Kwa hiyo wazee wa Mi'kmaq hawakuwa wajinga. Ndani ya mmea kuna kitu.

Lakini hapo ndipo wauza matone wanapotuchezea. Kazi ile ilifanyika kwenye vyombo vya maabara. Kitu kinaweza kuua virusi kwenye kisahani, kisha mwilini kisifike kunakotakiwa, au kikadhuru. Tena, tetekuwanga si jamaa ya ndui, hata kama vipele vinafanana. Virusi vyake ni vya ukoo mwingine kabisa, na ndivyo hivyo hivyo vinavyoleta mkanda wa jeshi ukubwani.

Mtu asidhani nadharau miti shamba. Mimi mwenyewe nyumbani nina habasoda. Dawa kubwa ya malaria, artemisinini, imetoka kwenye mmea wa Kichina, na Tu Youyou aliyeongoza ugunduzi wake alipata Nobel mwaka 2015. Ila ilipimwa kwanza, kipimo kikajulikana, ikajaribiwa kwa wagonjwa.

Na ndui iliondolewa na chanjo. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Marka, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na miaka ya baadaye akafanya kazi ya kuwahimiza wazazi wawachanje watoto wao polio. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetoweka.

Basi shangazi nilimjibu hivi: pesa ya matone iweke. Mtoto akitoka vipele, mpeleke kwa daktari, hasa akiwa na homa kali, akipumua kwa shida, au akiwa mchanga. Uliza pia kuhusu chanjo ya tetekuwanga. Na kama nyumbani umeshampa dawa yoyote ya miti, mwambie daktari bila kuona haya.