Maumivu ya nyonga: namna ya kuwasaidia wazee wetu nyumbani



Tangu mauaji makubwa yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa kumi 2014, familia nyingi zimeacha mashamba yao na kukimbilia miji ya Beni na Butembo. Mwaka 2024, vita vya M23 vilipofika Kanyabayonga, wengine wengi walikimbia wakielekea Lubero na Butembo. Wengi walipokelewa nyumbani mwa ndugu na marafiki, na kati yao mna wazee waliotembea siku nyingi kwa miguu.

Mzee mwenye nyonga inayouma hawezi kuchuchumaa chooni. Hawezi kusimama mstarini kungoja chakula, wala hafiki kwenye barza kutoa shauri lake. Na ikibidi kukimbia tena, yeye ndiye anayebaki nyuma. Ndiyo maana tunaandika juu ya ugonjwa huu kwa familia na kwa viongozi pia.

Nyonga inauma kwa nini?

Kwenye nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kinaingia katika mfupa wa kiuno kama mchi ndani ya kinu. Kati yake kuna gegedu, kitu laini chenye kuteleza, kinachozuia mifupa isisuguane. Uzee, mizigo mizito ya miaka mingi, unene au ajali ya zamani hulifanya gegedu lipungue. Wamama wetu wamebeba kuni na mihogo mgongoni tangu utoto, wakipanda na kushuka milima.

Dalili zake ni hizi: maumivu kwenye kinena au paja, mara nyingine mpaka gotini, kukakamaa asubuhi kwa muda usiozidi nusu saa, shida ya kuvaa viatu, maumivu kuzidi baada ya mwendo mrefu.

Baridi ya Butembo inaweza kuongeza maumivu, lakini siyo iliyoleta ugonjwa. Wala hakuna jirani aliyetega dawa njiani. Tusimshitaki mtu kwa ugonjwa unaotokana na umri na kazi.

Mambo ya kufanya nyumbani

Gegedu lililokwisha halirudi, lakini maumivu yanaweza kupungua sana.

1. *Kujongea kila siku.* Usimwambie koko akae tu kitandani. Nyama za mguu zikilegea, nyonga inabeba uzito wote peke yake. Atembee kidogo kidogo mahali tambarare, kisha apumzike.

2. *Mazoezi matatu.* Kwanza, akiwa amekaa kitini, asimame na kuketi tena polepole. Pili, akishika ukuta, anyanyue mguu pembeni na kuushusha. Tatu, akilala chali na magoti yamekunjwa, anyanyue kiuno, ahesabu mpaka tano, ashushe. Aanze kwa mara 5 kila zoezi, asubuhi na jioni, na kuongeza mpaka 10. Kuuma kidogo si kitu. Maumivu yakiwa yamezidi kesho yake asubuhi, apunguze.

3. *Fimbo.* Fimbo inashikwa kwa mkono wa upande usiouma, nayo inatangulia pamoja na mguu unaouma. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono, mtu akisimama wima na mikono imeshuka. Kwenye mlima au ngazi, mguu mzima unapanda kwanza. Wakati wa kushuka, fimbo na mguu unaouma vinatangulia.

4. *Joto.* Chovya kitambaa katika maji ya moto, kikamue, ukiweke kwenye nyonga kwa dakika 15 hadi 20. Kijaribu kwanza kwenye mkono wako, kwa maana ngozi ya mzee inaungua upesi.

5. *Kiti na kitanda.* Kiti kirefu kinafaa kuliko kigoda. Kitanda cha miti ni bora kuliko mkeka chini. Kwa choo, seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati, cha kuweka juu ya shimo.

6. *Mizigo.* Badala ya bidoni la lita 20, abebe la lita 5, au vijana wamchotee.

Chai ya tangawizi inapasha mwili joto, haina ubaya, lakini haiponyeshi gegedu.

Juu ya dawa

Parasetamoli inaweza kusaidia kidogo. Mtu mzima anameza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, na kungoja masaa 6. Asipite vidonge 8 kwa siku moja. Aliyekonda sana, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe apunguze, akimuuliza muuguzi.

Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha tansio. Deksametazoni na prednisoloni zinazouzwa sokoni zinaondoa maumivu upesi, lakini zikimezwa muda mrefu zinadhoofisha mifupa. Usizinunue bila ruhusa ya daktari.

Kuchanjwa kwa wembe kunaweza kuleta pepopunda, homa ya ini na UKIMWI.

Usingoje, nenda kituo cha afya

- Mzee ameanguka na hawezi kukanyaga: huenda mfupa umevunjika.
- Nyonga inauma sana pamoja na homa.
- Maumivu ya usiku yasiyotulia, pamoja na kukonda au kukohoa: kifua kikuu kinaweza kuingia nyongani.
- Mtoto anachechemea au anakataa kutembea.
- Kijana mwenye ugonjwa wa selimundu anaumwa nyonga.

Kazi ya viongozi

Andikeni majina ya wazee wasioweza kutembea mbali katika kila mtaa. Siku ya kugawa chakula, wapewe kwanza, au ndugu aruhusiwe kuwapokelea. Wekeni viti, na fanyeni kikao karibu nao. Pangeni mapema nani atambeba nani ikiwa hatari itakuja: kwa pikipiki, kwa chukudu au kwa machela.

Katika kyaghanda, wazee ndio waliofundisha vijana namna ya kumaliza ugomvi. Wenyeji na waliokimbia bado wanahitaji shauri lao, hasa pale wanapogombania shamba au maji. Wasikose kikao kwa sababu ya kukosa fimbo na kiti.