Kadi Iliyoibwa si Kadi Iliyopotea

Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wosia huo, ambao tumezoea kuusikia ukielekezwa kwa wenye maduka, leo unamhusu kila mwenye gari au pikipiki, awe Unguja, awe Pemba, awe Gwarama katika nyanda za juu za Kigoma.

Wizi wa kuvunja magari tunaufahamu. Mtu huegesha gari lake kando ya soko au nje ya msikiti, na akirudi hukuta kioo kimevunjwa, redio imeng'olewa na mkoba umechukuliwa. Huhesabu hasara yake kwa shilingi, humshukuru Mungu kwamba gari lenyewe limebaki, kisha huenda kutafuta fundi. Lakini mara nyingi kuna kitu asichokihesabu: bahasha iliyokuwa ndani ya kijidroo cha mbele, yenye kadi ya usajili, karatasi za bima, na pengine hati ya mauziano. Redio hununuliwa nyingine. Bahasha ile ndiyo iliyobeba ushahidi wa nani mwenye gari.

Msomaji wa visiwani huenda akauliza: Gwarama yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Kata hiyo ilikuwa katika Wilaya ya Kibondo mpaka Kakonko ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Upande wa kaskazini barabara yaelekea Nyakanazi, na kutoka hapo Kagera na Mwanza. Upande wa kusini yaelekea Kasulu na Kigoma. Na magharibi mpaka wa Burundi hauko mbali. Gari lililoondoka huko alfajiri laweza kuwa mkoa mwingine kabla jua halijafika utosini. Nao wafanyabiashara wetu wa Pemba na Unguja wameenea Bara yote, wakinunua na kuuza magari. Karatasi iliyoibwa upande mmoja wa bahari yaweza kumtia hatiani mtu mwema upande wa pili.

Tutazame jinsi karatasi hiyo inavyotumika. Kwanza, mwizi aliyepata kadi halisi ya Probox nyeupe hutafuta Probox nyingine nyeupe ya wizi, akaivisha namba za ile ya kwanza, hata namba ya chesisi akaigonga upya. Kadi ya kughushi hugunduliwa na jicho la mjuzi; kadi halisi iliyo katika mikono ya haramu hupita. Pili, kadi hupelekwa kwa wakopeshaji wa mitaani ikawa rehani ya mkopo ambao mwenye gari hajui habari zake. Tatu, hutolewa kwa mnunuzi mwenye haraka, ambaye huona karatasi, huona gari, hulipa, na baadaye hugundua kwamba mtu hawezi kuuza kisicho chake. Fedha imekwenda, na gari hurudishwa kwa mwenyewe.

Wanaoumia zaidi ni wanyonge. Vijana wengi wa bodaboda huendesha kwa mkataba: mwenye pikipiki hubaki na kadi, kijana hulipa kila wiki, na akimaliza deni hukabidhiwa pikipiki pamoja na kadi. Hapo wengi husherehekea na kusahau hatua ya mwisho, yaani kubadili jina la mmiliki. Kadi ikiwa bado na jina la tajiri wa kwanza huwekwa chini ya kiti. Siku kiti hicho kitakapovunjwa, kijana atakuwa na jasho la mwaka mzima asiloweza kulithibitisha. Mtu wa Gwarama mwenye shida hiyo yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka makao makuu ya mkoa. Nauli ya kufuatilia nayo ni hasara juu ya hasara.

Lipo kosa jingine ambalo twalitenda wenyewe. Mtu aliyevunjiwa gari akaibiwa kadi hufika kituoni akasema, "Nimepoteza kadi." Husema hivyo kwa sababu taarifa ya upotevu ni nyepesi na haina maswali mengi, naye ataka kadi mpya upesi. Lakini kitu kilichopotea hakina mwizi wa kutafutwa. Neno hilo moja humwondolea mhalifu kesi, na kuiacha kadi ya zamani ikitembea huku mpya ikitolewa. Aliyeibiwa na aseme ameibiwa, afungue taarifa ya wizi, apewe namba ya RB, na ataje namba ya gari, ya chesisi na ya injini.

Kwa maofisa wa Serikali tuna maombi, si lawama. Nchi yetu ina madaftari mawili ya magari: la Bara, lililo chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambalo namba zake za magari ya watu binafsi huanza kwa T, na la Zanzibar, ambalo namba zake huanza kwa Z. Habari ya kadi iliyoibwa haifai kusubiri barua ivuke bahari. Na ionekane katika madaftari yote mawili siku ile ile. Jambo hili si geni duniani: Interpol, mbali na orodha yake ya magari yaliyoibwa, ina orodha nyingine ya hati za serikali zilizoibwa, zikiwemo kadi za usajili wa magari. Kama mataifa yameona kwamba karatasi yastahili kusakwa kama gari lenyewe, nasi tuone hivyo katika kila kituo cha polisi, hata kile kidogo cha kata.

Wananchi nasi tuna wajibu. Kadi halisi ikae nyumbani, ndani ya gari ibaki nakala. Namba za chesisi na injini ziandikwe katika daftari la nyumbani. Anayenunua asiridhike na kadi. Ahakikishe katika daftari la serikali kabla ya kulipa, kisha abadili jina bila kukawia. Na akumbuke kwamba kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu ya Bara chamhusu anayepokea mali huku akijua kuwa ni ya wizi. Bei rahisi kupita kiasi ni onyo.

Zamani katika nchi ya Waha, kama ilivyokuwa kwa wafugaji wengi, majirani walimjua ng'ombe na mwenyewe. Leo gari hupita vijiji mia ambako hakuna amjuaye dereva, na ushahidi uliobaki ni karatasi. Tusiifungie karatasi hiyo nyuma ya kioo ambacho jiwe moja hulivunja.